Shangazi, mama mkwe anasema nimekanyaga uchawi, daktari anasema ni mishipa ya damu

Shikamoo Shangazi. Naomba jina langu lisitoke maana Kiborloni huku tunajuana wote.

Mi ni fundi cherehani, nashona nguo za kina mama, sare za harusi, sendofu, kipaimara, na mume wangu anapandisha wageni mlimani, alianza upagazi sa hivi ni msaidizi wa muongoza wageni, kwahiyo msimu ukiwa mzuri nyumbani anakuja kulala siku mbili tatu afu huyo karudi juu. Nakwambia hivi uelewe mambo mengi yamenitokea yeye hayupo. Tuna mtoto mmoja wa kike.

Yote ilianza na koo. Nilipata mafindofindo mabaya nikashindwa hata kumeza mate, nikanunua vidonge duka la dawa, nikaona nafuu nikaviacha. Haikupita muda nikaanza kuhisi vitu vigumu ndani ya miguu, huku kwenye ugoko kushuka mpaka kifundoni, ukubwa wa harage, ukibonyeza vinauma mpaka machozi yanatoka, na juu yake ngozi imekuwa nyeusi ya zambarau hivi. Afu mapajani na kwenye miguu nikaona ngozi imechorekachoreka mistari imeungana, na baridi ikizidi inaonekana zaidi, ilikuwa Juni, unaijua Moshi ya Juni. Nikasema labda ni pedeli ya cherehani, si unajua nakanyaga kutwa nzima. Baadae kinundu kimoja karibu na kifundo kikapasuka kikawa kidonda, kidogo tu, lakini maumivu yake Shangazi sio ya kidonda kile, usiku nakaa macho nimeukumbatia mguu.

Nilienda zahanati moja ya mtaani wakanipa dawa ya fangasi, mara antibayotiki, mara masindano, mara wakasema ni mkojo mchafu. Kidonda kinacheka tu. Mteja wangu mmoja ambaye ni nesi ndo akaniambia we acha kupoteza hela, nenda hospitali ya KCMC hapa Moshi, kliniki ya ngozi. Nikaenda. Wakanichoma ganzi wakakata kinyama, sio cha juujuu, walichimba mpaka kwenye mafuta, wakashona, na mi fundi nikawa naangalia mishono nikasema moyoni huyu daktari angekuja kwangu ningempa kazi ya pindo. Majibu yalivyotoka wakaniambia jina refu, poliateraitisi nodosa ya ngozi, wakasema ni mishipa ya damu imevimba, ni ugonjwa wa nadra, wa muda mrefu, utakuwa unakuja na kuondoka. Virusi vya ukimwi nilipima, sina. Wakanianzishia predi, vile vidonge vya prednisoloni vya kutuliza uvimbe.

Predi imenisaidia, siwezi kudanganya, vinundu vimenywea na kidonda kimeanza kufunga. Ila sasa uso umejaa, mashavu yamefumuka, tumbo limetoka, nakula kama nimefunga wiki, usingizi hakuna. Mama mkwe akaja kutoka Rombo kutuona, akaniangalia akaanza kucheka kwa furaha akanishika tumbo akasema Yesu na Maria, kumbe mjukuu wa kiume yuko njiani! Shangazi nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia mama sina mimba, ni dawa. Dawa za nini? Nikamuonyesha mguu. Akanyamaza muda mrefu afu akasema hapo umekanyaga, kuna mtu kakutegea kitu mlangoni. Na kweli kuna fundi mwenzangu tuligombania kibanda, basi yeye akaona ushahidi umekamilika. Akaleta unga wa mti fulani nipake kwenye kidonda, nilipaka usiku mmoja ukachoma nikalia. Sasa anasema Krismasi tukienda Rombo atanipeleka kwa mtaalamu anitoe hicho kitu, ila kwanza niache dawa za hospitali maana haviendi pamoja.

Mume wangu anajua nina kidonda, hajui ugonjwa wenyewe. Naogopa nikisema ni wa maisha atasema nimemficha, au atafikiri ni ngoma. Predi nimezificha kwenye kopo la vifungo, kila asubuhi nachambua vidonge kwenye vifungo vyeupe vya mashati, kuna siku nilishatia kifungo mdomoni. Na kliniki iliyopita daktari kasema tukipunguza predi na vinundu vikarudi ataniongezea dawa nyingine inaitwa methotreksati, akaniuliza kama nataka kuzaa, nikasema hapana kwa aibu tu, na wakati mume na mama yake wananisubiri mimi!

Tangu Jumatatu sijameza predi, nataka uso urudi kabla ya Krismasi. Kwahiyo nauliza, nikiacha moja kwa moja kuna shida? Huu ugonjwa unaambukiza mume na mtoto? Nitazaa tena? Na nimwambieje mume wangu?

Fundi wa Kiborloni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mengine yote yatasubiri, tuanze na hilo la Jumatatu.

Predi haiachwi ghafla. Mwili wako una tezi mbili ndogo zimekaa juu ya figo, kazi yake mojawapo ni kutengeneza homoni ya jamii hiyohiyo ya predi, na ukimeza predi ya vidonge zaidi ya wiki tatu hivi zile tezi zinajua kazi inafanywa na mtu mwingine, zinalala. Ukikata dawa siku moja tezi haziamki siku hiyohiyo. Ndo hapo mtu anaanza kuishiwa nguvu, kizunguzungu, kichefuchefu, presha inashuka, wapo wanaoanguka kabisa, na akipata homa au kuhara katikati ya hali hiyo inaweza kumuua. Kwahiyo leo meza dozi yako ileile uliyoandikiwa, usizidishe eti unafidia za Jumatatu na Jumanne, kesho asubuhi uwe kliniki uwaambie ukweli wote, kwamba niliacha, tangu lini na kwa sababu gani. Watakusema kidogo, vumilia. Ila kama ukisoma hapa tayari unatapika, macho yanaingia giza ukisimama, au unasikia kama unazimia, usingoje kesho, chukua bajaji nenda hospitali sasa hivi na uwaambie neno hili: nilikuwa kwenye predi nikaacha.

Kuhusu uso. Mashavu yanarudi. Sio wiki moja, na sio kwa Krismasi hii pengine, lakini dozi inavyoshushwa kidogokidogo na uso unashuka nao, hiyo karibu kila aliyetumia predi atakwambia. Wakati huo punguza chumvi, soda na maandazi ya kwenye kibanda (najua mafundi, chai na maandazi saa nne haikosi), njaa ya predi ni njaa ya uongo, ipe matango na maharage. Meza asubuhi baada ya kula, ukimeza jioni ndo hulali. Kila kliniki wakupime presha na sukari, na uulize kuhusu mifupa maana predi ya muda mrefu inailegeza, huku nyumbani dagaa na maziwa visikauke. Na kitu kimoja ambacho watu hawasemi, predi inashusha kinga, kwahiyo homa yoyote au kikohozi kisichoisha usikitibu duka la dawa. Kanda yetu hii kabla ya kumuweka mtu kwenye predi ya muda mrefu ni vizuri kifua kikuu, homa ya ini B na minyoo viwe vimeangaliwa, kwa sababu vikiwa vimejificha predi inaviamsha. Waulize kama ulipimwa. Homa ya ini B na C ina sababu ya pili ya kuulizwa, virusi hivyo wakati mwingine ndo vyenyewe vinavyochokoza ugonjwa wako huu, na vikikutwa matibabu yanabadilika.

Sasa ugonjwa wenyewe, na hapa nataka usome ukiwa na mumeo.

Nimeongea na daktari wa ngozi mmoja ninayemuamini nikamsomea barua yako bila jina. Akasema hivi: chini ya ngozi, kule kwenye mafuta, kuna mishipa inayoleta damu. Askari wa mwili, hawa wanaopigana na vijidudu, wamekosea adui, wameushambulia ukuta wa mishipa. Ukuta unavimba, njia ya damu inakuwa nyembamba, na pale palipovimba unashika kinundu. Ile michoro uliyoona mapajani ni damu inavyopita kwa shida, baridi ikiwepo mishipa inajikunja zaidi ndo maana Juni ilikuchora. Na kidonda kinatokea pale damu ilipokata kabisa, ngozi imekosa chakula ikafa. Umeona sasa kwanini antibayotiki na dawa ya fangasi havikufua dafu? Hapakuwa na kijidudu cha kuua. Mkojo mchafu ndo usiseme.

Zahanati nao nisiwaseme sana, ugonjwa huu wengi wao hawajawahi kuuona, na vitabu vingi vya magonjwa ya ngozi picha zake ni za wazungu, vinundu vyekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani, unaona weusi, zambarau, kahawia, mtu anadhani ni makovu ya mbu. Pia kuna magonjwa mengine yanafanana nao, kuna kifua kikuu kinachotoa vinundu kwenye miguu, kuna ukoma, kuna vidonda vya wenye selimundu. Ndo maana walikukata mpaka kwenye mafuta, wangekwangua juu tu wasingeupata mshipa wenyewe na majibu yangekuja hayana kitu. Una bahati ya jirani, mwanangu. Pale KCMC kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, wanakuja kusomea pale watu kutoka nchi nyingi za Afrika, na wewe unaenda kwa bodaboda.

Na nikupe stori moja umpelekee mama mkwe. Ugonjwa wa jamii hii uliandikwa na madaktari wawili wa Kijerumani, Kussmaul na Maier, pale Freiburg mwaka 1866, hapo Mjerumani mwenyewe hajafikiria hata kuja kutawala huku Kilimanjaro. Na mgonjwa wao unajua alikuwa nani? Kijana wa miaka 27, fundi nguo! Usije ukaanza kuogopa cherehani, haina kosa, imetokea tu. Sitakuficha kwamba yule kijana alifariki, wake ulikuwa ule unaoingia ndani, na enzi hizo dawa za jamii ya predi hazikuwepo, zimeanza kutumika kwa wagonjwa kwenye 1948 huko. Wa kwako ni ule wa ngozi, ulikuja kuelezwa peke yake mwaka 1931 na daktari anaitwa Lindberg, na tofauti ni kubwa. Wa ngozi kwa kawaida unakaa kwenye ngozi, unaweza kuleta maumivu ya viungo, homa, na ganzi au kuchomachoma miguuni, unasumbua miaka, unatulia unarudi, lakini mara nyingi hauendi kwenye figo wala tumbo. Mara nyingi sio kila mara, kwahiyo wakikwambia lete mkojo tupime, ngoja tupime presha, usinune. Siku ukiona mkojo una damu, tumbo linauma vibaya hasa ukishakula, mguu unaburuta hauinuki, kidole kinakuwa cheusi, au unakonda bila sababu, hiyo sio ya kungoja tarehe ya kliniki.

Kwanini wewe? Wengi chanzo hakijulikani. Ila ile koo yako waambie, sidhani kama uliwaambia. Kuna bakteria wa koo wanaitwa streptokoki, kwa watu wengine, hasa watoto, wakishapita kooni mwili unabaki na hasira hizi za mishipa, na daktari anaweza kutaka kukutibu koo vizuri ili usirudie. Vile vidonge vya koo ulivyoviacha ulipoona nafuu, na predi uliyoiacha Jumatatu, naona ni tabia moja hiyo binti yangu, tuiangalie.

Kuambukiza, hapana. Humpi mumeo, humpi mtoto, lala nao, kula nao, wafulie.

Kuzaa. Hapa nilikasirika kidogo, sio kwako, kwa hiyo aibu. Daktari aliyekuuliza kama unataka kuzaa hakuwa anachungulia chumbani kwako. Methotreksati na mimba ni maadui. Inaharibu mimba, na mtoto akibaki anaweza kuzaliwa na kasoro, mwanamke anayeitumia lazima awe kwenye uzazi wa mpango wa uhakika, na akitaka mimba anaiacha kwanza, miezi inapita, daktari ndo anampa ruhusa. Sasa wewe umejibu hapana, yeye kaandika hapana kwenye faili, na nyumbani mnatafuta mtoto wa kiume. Unaona hatari iliyolala hapo? Kesho ukienda geuza hilo jibu. Sema nataka mtoto mwingine, mume wangu anataka, tupangieni. Zipo dawa ambazo mama anaweza kubeba nazo mimba akiwa chini ya uangalizi, predi ya dozi ndogo ni mojawapo, azathioprini nyingine, na wengine ugonjwa ukiwa mwepesi wanatulizwa na kolchisini au dawa za kawaida za maumivu na uvimbe. Kuchagua sio kazi yangu wala yako, lakini hawawezi kuchagua vizuri wakiwa na jibu la uongo. Na mimba ni bora ingoje ugonjwa utulie kwanza, ndo inaenda salama.

Na ikitokea siku moja umepewa hiyo methotreksati, kumbuka inamezwa mara moja kwa WIKI. Sio kila siku. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kama predi, inakausha uboho unaotengeneza damu. Chagua siku, tuseme Jumapili ukitoka kanisani, andika ukutani, na vidonge vya foliki watakavyokupa umeze kama walivyosema. Pombe inaunguza ini ukiwa nayo, kwahiyo hata mbege utasema asante nimeshiba. Na hiyo ndo dawa nisiyotaka kuisikia kabisa kwenye kopo la vifungo, predi yenyewe iondoe leo, iweke kwenye pakiti yake yenye maandishi. Una mtoto ndani.

Mumeo. Wewe unaandika kama vile yeye ni hakimu, na kwenye barua yako yote sijaona alipokukosea. Katoka kubeba mizigo ya watu mgongoni mpaka kafika alipofika, huyo mtu anajua maana ya mwili kugoma. Usimwambie siku anayoshuka, wanashuka wamechoka hawasikii, miguu inawaka, anataka maji ya moto na ugali. Mwache alale. Siku ya pili, mtoto akiwa shule, mpe mguu aushike. Namaanisha hivyo, achukue kidole chake abonyeze kinundu kimoja asikie ugumu wake, afu umwambie baba fulani, hiki ndo kilichokuwa kinaninyima usingizi, kina jina, nimepimwa, sio ukimwi na majibu haya hapa. Mpe karatasi asome mwenyewe. Usianze kwa kuomba msamaha dakika kumi, ataanza kutafuta kosa. Afu mwambie kliniki ni tarehe fulani, nataka twende wote. Hili ndo kubwa kuliko yote niliyoandika. Akikaa na daktari nusu saa akauliza yake, kazi ya kumuelezea mama yake haitakuwa yako tena, itakuwa yake, na kwa mila zetu mwana akimwambia mama yake jambo halina uzito sawa na mkamwana akisema. We mwenyewe unajua.

Kama atakasirika kwamba ulimficha, mwache akasirike siku mbili. Ana haki hiyo.

Mama mkwe simlaumu. Kaona mguu wa mkwewe unaoza na uso unavimba, kaja na alichonacho. Mlango wa maombi usiufunge, akitaka mwende kanisani mkaombewe nenda, akitaka kukushika kichwa akuombee piga magoti, hilo halipingani na kidonge. Ila mambo mawili mumeo amwambie kwa heshima. Moja, unga kwenye kidonda hapana. Kidonda cha ugonjwa huu ngozi yake haina damu ya kutosha, ukikiunguza unakiongeza, na unga wa shambani unaweza kuja na pepopunda. Kinaoshwa kwa maji safi, kinafunikwa na kitambaa cha kidonda kisichogandia, basi. Na usifunge bandeji ya kubana mpaka daktari aseme, kwa sababu tatizo lako ni damu kutopita. Mbili, mtaalamu anayesema acha dawa za hospitali ndo nianze zangu, huyo hapana. Watu wa kanda hii hatujasahau 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge kule Loliondo, kikombe cha dawa ya babu shilingi 500, na wapo waliorudi wakatupa dawa zao wakijua wamepona. Sitaki kuongea zaidi hapo, kila mtu ana imani yake, lakini waliotupa dawa ndo tuliowazika.

Na huyo fundi mwenzako wa kibanda mtoeni kwenye haya maneno kabla hayajamfikia. Kosa lake ni kugombania kibanda.

Kazi usiache, mguu ndo uupumzishe. Kuna mota za kufunga kwenye cherehani ya kukanyaga, muulize mafundi wa pale Mbuyuni, kama hela haijafika basi kila baada ya nguo moja nyoosha mguu juu ya stuli ukiwa unapiga pindo kwa mkono. Vaa soksi ndefu za joto na dera lako juu, nani atajua. Kama kuna anayevuta sigara kibandani mwambie akavutie nje, moshi nao unaibana mishipa. Na hela ya vipimo ikikuelemea, pale hospitali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, gonga mlango uwaambie hali, usikimbie kliniki kimyakimya.

Rombo nendeni, Krismasi ni Krismasi. Beba dawa za siku zote na za ziada, ziwe kwenye mkoba wako sio kwenye begi linalofungwa juu ya gari, na karatasi ya kliniki uipige picha kwenye simu, huko juu ukiumwa ghafla daktari wa zamu aione kabla hajakuchoma chochote. Ukipita kliniki kesho niandikie wamesemaje kuhusu hilo la mtoto.